Matundu Mawili Ukutani

Mtoto wa kwanza wa Mohau alizikwa akiwa na siku kumi na nne. Alizaliwa mwezi wa Julai, katikati ya kipupwe, nyumbani kwa mama yake Mohau, huko Mokhotlong milimani, kama ada inavyotaka, mzaliwa wa kwanza azaliwe kwa wazazi wa mama. Asubuhi ya siku ya kumi na moja umeme ulikatika maji yakiwa bado vuguvugu kwenye birika. Nje theluji ilikuwa imefika magotini. Bibi akamwogesha mtoto hivyo hivyo, haraka haraka, akamfuta, akamviringisha blanketi. Jioni kifua cha mtoto kikaanza kulia kama bawaba isiyotiwa mafuta.

Bibi huyo, kwa kuwa binti yake ni Mohau, aliitwa Mamohau na kila mtu, hata na mumewe.

Miaka miwili ikapita. Mohau akashika mimba tena, na mkwewe Maseabata, mama wa mumewe Seabata, akasema mbele ya watu kwenye harusi moja, "Mwambieni mkwe wangu azalie kwangu safari hii. Kwa mama yake watoto wanaogeshwa barafu."

Neno hilo lilivuka mto na vilima viwili likamfika Mamohau kabla pombe ya harusi haijaisha. Mohau mwenyewe alipokuja kumwona alisema, "Mama, mimi nitazalia hapa. Waache waseme." Hapo Mamohau akaapa moyoni kwamba mtoto huyu hataguswa na maji baridi hata tone. Alikuwa na mbuzi ishirini na wanane. Manyoya yao yalipokatwa na kuuzwa mwaka ule, hakununua sukari ya gunia wala bati la zizi. Alimwambia mumewe, Sekhonyana, "Tunakwenda mjini Butha-Buthe kununua hita ya maji."

Sekhonyana alikuwa mtu wa maneno machache, mrefu, mwenye kukohoa kabla ya kusema. Akakohoa. "Hita ipi?"

"Ndiyo tunakwenda kuichagua."

Dukani walipokelewa na mzee mnene mwenye penseli sikioni, aitwaye Poho. Aliwatembeza polepole, kwa sababu Mamohau alitaka kugusa kila kitu. La kwanza lilikuwa tangi la umeme, jeupe, kubwa kama kondoo dume aliyeketi.

"Hili maji yake yanachemka kwa muda gani?" Mamohau akauliza.

"Saa moja unusu, mama. Saa mbili, kama kwenu ni kwenye baridi."

"Na umeme ukikatika?"

"Unaogea machozi."

Mamohau hakucheka. Umeme ndio uliokuwa umemfanyia yale. Akapita.

La pili lilikuwa la jua, la kuwekwa juu ya paa, mabomba ya kioo yamepangwa kama filimbi. Sekhonyana akalipenda. Alilizunguka mara mbili, akapiga kioo kwa ukucha.

"Kwenu wapi?" Poho akauliza. Walipomtajia Mokhotlong akatikisa kichwa. "Jua mnalo. Lakini wiki ya theluji, wiki nzima bila jua, mtalitazama tu kama picha ya marehemu."

La tatu lilikuwa kijisanduku cheupe cha kutundika ukutani, si kikubwa kuliko begi la shule, kina kidirisha kidogo mbele. Poho alikiunga kwenye mtungi wa gesi, akafungua bomba. Puu! Moto wa samawati ukawaka ndani ya kidirisha, na kabla Mamohau hajahesabu hadi kumi, maji yakatoka yakifuka mvuke. Akaweka mkono chini yake. Akauacha pale. Akauacha hata Sekhonyana akasema, "Mamohau, utaiva."

"Hii," akasema.

Poho akachomoa penseli sikioni, akaishika kama mwalimu. "Sikilizeni basi. Hii inapumua. Moto unakula hewa, mama yangu, kama wewe unavyokula ugali. Ukiunyima, unatoa sumu isiyo na harufu, ile ile inayoua watu wanaolala na jiko la makaa. Itundikeni nje, ukuta wa nje."

"Nje?" Sekhonyana akakohoa. "Mwezi wa Juni kwetu mabomba ya nje yanapasuka kama kuni."

"Basi ndani, lakini bomba la moshi litoke juu ya paa, na ukuta utobolewe matundu mawili, moja juu, moja chini. Yasizibwe. Hata panya akijenga humo, mtoeni."

"Tumesikia," akasema Mamohau, naye alikuwa amesikia kweli. Njia nzima ya kurudi, sanduku likiwa magotini pake, alikuwa akirudia: moja juu, moja chini.

Aliyeitundika ni Khoeli, fundi bomba, mtoto wa marehemu kaka yake Sekhonyana. Ni kijana wa miaka thelathini hivi, mchekeshaji, mwenye nywele zilizojaa vumbi la saruji siku zote. Nyumba ilikuwa ya matofali, vyumba viwili na bafu nyuma, na pembeni yake msonge wa zamani wa nyasi. Khoeli alitoboa ukuta wa bafu asubuhi nzima. Alipomaliza akamwita Mamohau.

"Mama mdogo, tazama." Akaingiza ngumi yake katika tundu la chini, kisha la juu. "Ngumi ya Khoeli. Ukitaka kujua kama yako wazi, niite niipitishe tena."

"Na upepo huu wote unaoingia, nao umeuuza na hita?"

"Huo ni bure, mama mdogo. Zawadi ya duka."

Upepo kweli uliingia. Matundu yalitazama upande wa milima, na ukisimama uchi bafuni ulihisi kisu kikikupita kwenye vifundo vya miguu. Lakini ilikuwa Machi bado, na Mamohau akastahimili.

Mtoto alizaliwa hospitali ya pale Mokhotlong mwanzo wa Juni, msichana, mkubwa, mwenye sauti. Siku ya pili wakaletwa nyumbani kwa Mamohau. Seabata, baba yake mtoto, alipofika langoni kuuliza habari, hakuambiwa neno. Wanawake walitoka mbio na ndoo na kumwagia maji mwilini mzima, ndivyo baba anavyoambiwa kwamba amepata binti. Safari hii maji yalikuwa ya moto kutoka kwenye hita.

"Mbona ya moto?" akapiga kelele, mvuke ukimtoka mabegani kama farasi aliyekimbia.

"Bibi yake kaapa!" wakamjibu wakicheka. "Kwenye nyumba hii hata mkwe haoshwi kwa baridi!"

Mamohau alicheka siku ile hadi akashika mbavu.

Kisha matete yakasimamishwa mlangoni, na nyumba ikawa nyumba ya mzazi. Hakuna mwanamume anayepita matete hayo. Sekhonyana alihamia msongeni na blanketi lake na redio yake. Ndani walibaki watatu: Mohau, mtoto na Mamohau. Na kazi ya kwanza ya mwenye nyumba ya mzazi inajulikana na kila mwanamke wa milimani: upepo usiingie. Mamohau aliziba ufa wa dirisha kwa magazeti na uji wa unga. Akaweka gunia chini ya mlango. Akatundika blanketi juu ya mlango wa bafu. Siku ya tatu theluji ikaanguka, na alipomwogesha mtoto akaona nywele zile chache za utosini zikipeperushwa.

Akatazama tundu la chini. Akatazama la juu. Alimkumbuka yule mzee na penseli yake, tusiseme hakumkumbuka. Lakini alisikia pia kile kifua, kikilia kama bawaba, na akasikia, wazi kama yuko pale, Maseabata akisema barafu.

Alikuwa na blanketi la zamani la kahawia lenye picha za mahindi, alilofunikwa siku alipoolewa. Akalikata kwa mkasi nusu. Nusu moja akaipasua vipande viwili, akavisokota, akavisokomeza matunduni hadi kisu kile cha upepo kikakatika. Bafu likawa na joto tamu kama tumbo la ng'ombe. Kwa dakika chache tu, alijiambia. Mtoto akishaoga, nitatoa.

Mara ya kwanza alitoa. Mara ya pili alitoa. Baadaye akaacha.

Siku ya sita Mohau alisema kichwa kinamgonga kila akitoka kuoga. "Ni damu uliyopoteza," Mamohau akamwambia, akamfunga kitambaa kipajini, akampa uji wa mtama. Siku hiyo hiyo mchana Sekhonyana alikuja akasimama mbali kidogo na matete, akakohoa.

"Mamohau."

"Nipo."

"Nimepita nyuma ya nyumba. Naona mahindi kwenye tundu."

"Mahindi gani?"

"Ya blanketi lako."

Mtoto alikuwa akinyonya. "Baba," Mamohau akasema kwa ukali, "tangu lini mwanamume akachungulia nyumba ya mzazi? Nenda kwenye redio yako."

Alimsikia bado amesimama. Theluji ilikuwa ikilia chini ya buti zake, mguu huu, mguu ule. Angeweza kuzunguka nyuma na kulivuta lile tambara kwa nje, kwa vidole viwili. Lakini vya mzazi havishikwi na mwanamume. Buti zikaondoka.

Siku ya nane, saa nne asubuhi, wingu limekaa juu ya paa. Mamohau alimwogesha mtoto kwanza, akamtoa akamlaza kitandani, akaanza kumpaka mafuta, kidole kwa kidole. Bafuni maji yalikuwa yakimwagika.

"Mohau, toka sasa."

"Acha kidogo, mama. Mgongo unapata raha."

Basi akamwacha. Mtoto alipakwa, akavishwa, akabebwa mgongoni, akaimbiwa. Maji yakaendelea kumwagika. Mamohau alipanga nepi. Maji bado. Ndipo alipojua kwamba wimbo ule alikuwa ameuimba mara nne na hakuna aliyeuitikia.

Mohau alikuwa ameketi sakafuni, mgongo ukutani, shavu limewiva jekundu, zuri, kama la mtu aliyetoka shambani. Maji ya moto yalikuwa yakimpiga miguuni. Mamohau alimvuta kwa makwapa hadi chumbani, mtoto mgongoni akilia, akampiga mashavu, akampulizia, akaita. Alipita kwenye matete akayaangusha. "Sekhonyana! Sekhonyana!" Kisha, kabla mumewe hajafika, alirudi bafuni. Mikono yake iliyachomoa yale matambara mawili yenyewe, kama mikono ya mtu mwingine, ikayatia kwenye ndoo ya nepi, ikayafunika.

Hospitali walisema ni sumu ya gesi. Polisi walikuja wakaitazama hita, wakaandika, wakafunga mtungi. Mohau akazikwa Jumamosi, na watu waliporudi makaburini walinawa langoni kwenye beseni lenye vipande vya mshubiri, mikono baada ya mikono, maji yakiwa ya bomba, baridi ya kukata. Hakuna aliyethubutu kusema neno juu ya maji.

Neno lilisemwa juu ya Khoeli. Nani mwingine? Ngumi ya Khoeli ni ndogo, walisema. Bomba la moshi kaliweka kombo. Alikuwa amekunywa. Maseabata, ambaye alilia hadi sauti ikamkauka, alimshika Mamohau mkono mbele ya wazee akasema, "Mwenzangu, nilikutukana juu ya maji, na wewe ulihangaika kwa manyoya ya mbuzi zako. Aliyetuua ni fundi. Mtoto na abaki kwako hadi atembee, umlee. Wewe ndiye unayemjua." Na chifu akatangaza kwamba Khoeli ataitwa barazani Jumatano ijayo, na yakithibitika, kesi itapelekwa polisi.

Usiku ule Mamohau na mumewe walilala na mtoto katikati yao. Sekhonyana alikohoa gizani.

"Niliyaona yale mahindi," akasema.

"Najua."

"Nilikuwa na mkono. Ningeyavuta."

"Najua, baba."

"Mohau hatarudi." Akalivuta blanketi juu ya mtoto. "Mtoto tunaye. Nyamaza, mama. Tunyamaze wote wawili."

Na Mamohau alinyamaza. Siku ya kwanza, ya pili. Maziwa ya kopo yalimkubali mtoto, akashiba na kulala. Khoeli alikuja, amekonda, akaketi nje kwenye jiwe na kofia mikononi. "Mama mdogo, niambie nilikosea wapi. Nimeweka hita nyumba saba. Silali." Mamohau akamwambia hajui. Akampa chai. Khoeli akainywa yote hadi majani ya chini, akaaga.

Siku ya tatu alikuja jirani yake, Nthofeela, mwanamke wa maneno mengi na moyo mzuri, amebeba mkate wa mvuke bado wa moto kitambaani. Binti yake Nthofeela alikuwa na mimba ya miezi minane, na hita yao, sanduku jeupe lile lile, ilikuwa mojawapo ya zile saba.

"Nimemwita fundi mwingine aitazame," Nthofeela akasema, Mamohau akikata mkate. "Kasema bomba letu limenyooka, si kama alivyoliweka Khoeli kwako. Nikashukuru. Sasa nimebakiza kuandaa chumba tu. Madirisha nimefunga, matundu yale ya bafuni nimeyajaza magunia, maana upepo wa kwenu na wetu ni mmoja."

Kisu cha Mamohau kikasimama ndani ya mkate. "Yafungue, dada."

"Yapi?"

"Matundu. Yaache wazi. Hata akizaa."

"Mzazi alale kwenye upepo? Mamohau, wewe tena?" Nthofeela akamtazama kwa huruma, kama mtu aliyechanganyikiwa na msiba. Kisha akauliza, bila ubaya wowote, "Kwani wewe uliziba?"

Mtoto alikuwa amelala kifuani kwa Mamohau. Pumzi yake ilikuwa ikimlowesha pale shingoni.

"Sikuziba," akasema.

"Basi unaona." Nthofeela akampa kipande cha mkate. "Yako yalikuwa wazi na bado ikawa. Si matundu, ni fundi. Kula, dada, kula."

Mamohau aliweka mkate mdomoni. Aliutafuna hadi jirani akaondoka, kisha akautema mkononi.

Jumatano baraza lilijaa hadi kwenye ukuta wa zizi. Khoeli alisimama katikati na kofia yake. Aliulizwa matundu yalikuwa na ukubwa gani, akainua ngumi, na mtu mmoja nyuma akasema, "Ngumi hiyo imeua," na watu wakaguna. Mamohau alikuwa ameketi upande wa wanawake, mtoto mgongoni, kando ya Maseabata. Miguuni pake palikuwa na mfuko wa plastiki. Sekhonyana aliuona mfuko kutoka upande wa wanaume. Akatikisa kichwa mara moja, taratibu, akimwomba.

Mamohau akasimama.

"Chifu," akasema, "mruhusuni kijana avae kofia yake, ni baridi." Akatoa mfukoni vipande viwili vya blanketi la kahawia. Alikuwa amevifua, lakini vilikuwa bado vimejikunja umbo la matundu, kama soksi zilizozoea mguu. "Hivi vilikuwa ukutani. Nilivitia mimi, niliziba upepo. Muuzaji alituambia tusizibe, nilimsikia kwa masikio haya. Khoeli alituambia. Nthofeela, uko wapi? Nilikuambia uongo. Nenda nyumbani sasa hivi ukatoe yale magunia. Usisubiri baraza liishe. Nenda!"

Nthofeela alikuwa ameshainuka, mkono mdomoni. Wakamsikia akikimbia kwenye changarawe.

Sekhonyana alikohoa, akasimama upande wa wanaume. "Na mimi niliyaona nje, siku mbili kabla," akasema. "Niliogopa matete."

Khoeli hakufurahi. Aliketi chini pale pale aliposimama, akafunika uso kwa kofia.

Maseabata hakupiga kelele. Watu walingoja apige. Alifungua mikono yake tu, akainyoosha, na wanawake wote wakajua inanyooshewa mtoto.

"Nimwogeshe kwanza," Mamohau akasema. "Hajaoga leo."

Wakatembea hadi nyumbani, wawili hao. Mamohau akawasha moto wa kinyesi cha ng'ombe nje, akateleka sufuria ya miguu mitatu. Maji yalichukua muda wake wa kawaida. Maseabata alisimama akiyatazama hadi yalipochemka, naye ndiye aliyechanganya ya baridi na kujaribu kwa kiwiko, kisha akajaribu tena. Mamohau akamwogesha mtoto kando ya moto, shingo, makwapa, nyuma ya magoti, katikati ya vidole. Akampaka mafuta. Akachukua ile nusu ya blanketi la mahindi iliyobaki, akaanza kumfunika.

"Hilo libaki," Maseabata akasema, akavua lake mabegani.

Maseabata na mtoto walipopotea nyuma ya kilima, Sekhonyana alitoka msongeni akamkuta mkewe bado amechuchumaa mbele ya beseni, mikono majini.

"Ingia ndani, mama. Upepo."

"Bado yana moto," akasema Mamohau, na hakuitoa mikono.